Mwalimu wa Guntur

Siku Guntur alipofungua mdomo baada ya miezi mitatu ya ukimya, nilikuwa nimekaa kwenye kibao changu barazani nyuma ya nyumba, ungo mapajani, nachambua mayai ya chungu. Ni chungu wale wekundu wa maji moto, wanaoshona majani ya miti wakafanya viota. Unachokoa kiota kwa mwanzi mrefu uliofungwa kikapu kwenye ncha, mayai yanaangukia kikapuni, unayanyunyizia unga wa muhogo ili chungu waachie, kisha unakaa kuondoa miguu na vichwa kimoja kimoja. Wafuga ndege wananunua kwa fungu, limefungwa kwenye jani la mgomba. Nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na moja, na vidole vyangu havisikii tena wakiuma.

Guntur ni murai wa mkwe wangu, Suyat. Ndege mweusi, kifua rangi ya tofali, mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Alikuja kwetu Java kutoka Medan kwa basi, siku tatu ndani ya bomba la mwanzi, na wenziwe sita walikufa njiani. Suyat alimtundika kwangu kwa sababu nyumbani kwake kuna watoto na mashine ya kusaga, na ndege anayepukutisha manyoya anataka utulivu. Kwetu huo ndio wakati wa kumsomesha. Unamfunika kwa kitambaa, na pembeni yake unaweka ndege mwingine mwenye sauti unayoitaka. Yeye husikiliza gizani, kimya. Manyoya mapya yakishakamilika, anatoa yote aliyoyasikia, na hapo ndipo mwenyewe anajua kama amepata bingwa au amelisha bure.

Kwa hiyo pembeni ya tundu la Guntur palikuwa na tundu la pili, limefunikwa kitambaa cheusi mpaka chini.

"Huyu ni mwalimu wake, Mak," Suyat aliniambia alipolileta; huniita Mak, mama. "Usimguse wala usimfunue. Chakula nitampa mwenyewe."

Sikumfunua. Kitambaa cha tundu la mtu hakifunuliwi ovyo, ni kama kufungua chungu cha jirani kilichoko jikoni. Kila alfajiri nilipokuwa nikitoka na mwanzi wangu, Suyat ndiye alikuwa akiingia kumhudumia huyo mwalimu, na nikirudi mwalimu ameshamaliza kuimba.

Sasa asubuhi hiyo Guntur akajikohoza. Akatoa sauti za videge vidogo vidogo, akatoa nyenje, akatulia. Halafu akaanza kitu kingine. Sauti nene, ya maji, kama mtu anamimina gudulia lenye shingo nyembamba. Ikapanda ngazi moja, ya pili, ya tatu, ya nne, na kwenye ya tano ikakwama kidogo, kama mtu aliyemeza mate, ndipo ikamalizia.

Ungo ukanitoka mikononi. Mayai yote yakamwagika kwenye vumbi.

Ile ilikuwa sauti ya cucak rawa. Na si cucak rawa yeyote. Ni mmoja tu niliyewahi kumsikia akimeza mate kwenye ngazi ya tano, na huyo hakuwa ndani ya tundu la mtu. Alikuwa porini, yeye na mkewe, na watu tuliojua tulikuwa wawili.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo hofu yangu haitaeleweka.

Marehemu mume wangu, Sentono, alikuwa mtegaji. Alitega bonde zima la mto wetu, kutoka darajani mpaka kule juu kwenye mashamba ya chai. Mimi ndiye nilikuwa namchemshia utomvu wa mfenesi na mafuta mpaka unakuwa ulimbo wa kunata. Nyumba hii ya matofali imejengwa na ndege, sikatai. Cucak rawa ndiye alikuwa akilipa kuliko wote: ndege mkubwa kupita shore, kichwa rangi ya majani makavu ya mpunga, na mstari mweusi mdomoni kama sharubu za askari. Zamani walikuwa wengi mtoni, ukifua nguo wanakupigia kelele. Halafu wakapungua. Halafu mwaka mmoja Sentono alikaa siku nne msituni akarudi na kwezi mmoja asiye na mkia. Aliweka tundu chini akanitazama, na mimi nikapakua wali.

Muda mfupi kabla hajaanza kuumwa alinichukua mpaka makaburini, kwenye chemchemi chini ya mtini mkubwa. Pale hakuna anayekata tawi wala kutega, ni mahali pa wazee. Akaniambia nikae. Tukakaa. Ndipo nikawasikia, dume na jike, dume akimeza mate na jike akimjibu kutoka ng'ambo.

"Hao ndio wamebaki, Yem," akasema. "Hawa tuwaache."

Alimwambia mlinzi wa makaburi, Kang Rejo, na mimi. Basi. Alizikwa hatua arobaini kutoka kwenye mtini huo. Huo ulikuwa mwaka 1989, na hii ninayoisimulia ni 1996. Miaka saba sikumwambia hata binti yangu. Mjini bei ya jozi ya cucak rawa ilikuwa imefika bei ya pikipiki mpya, na hapa kijijini hakuna mtu asiyetaka pikipiki.

Kwa hiyo Guntur aliponyamaza, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa cheusi.

Nikasema moyoni: Suyat. Nimekupa binti, nimekupa baraza, na wewe umemweka ndege wa Sentono chini ya dari ya Sentono.

Nikanyanyuka nikashika pindo la kitambaa. Nikafunua.

Ndani ya tundu palikuwa na redio kaseti. Imekaa juu ya kijiti cha kusimamia ndege, imefungwa kwa kamba isianguke, na mbele yake kuna kikombe cha maji.

"Mak!" Suyat alikuwa amesimama mlangoni na betri mbili mkononi. "Nilikwambia usifunue!"

"Na hiki ni nini? Umekuja na mwalimu anayekula betri?"

"Punguza sauti, Mak. Watu watasikia."

"Wasikie! Miezi mitatu napita hapa kwa kunyata nisimsumbue redio!" Nilikuwa na hasira na pia nilikuwa naona haya. "Na maji ya nini?"

Akajikuna kichwa. "Guntur ana akili. Asingeona kikombe angejua si ndege."

Binti yangu Rukmi alikuja mbio kutoka jikoni, akaona, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka. Nilimwambia Suyat awashe hiyo kaseti, upande wa kwanza na wa pili, mwanzo mpaka mwisho. Alidhani nataka kumkejeli. Nilikaa nikasikiliza saa nzima. Videge vidogo, nyenje, kigogota, na mwishoni kabisa cucak rawa, ndiyo, lakini wa mjini, sauti imenyooka kama reli, ngazi zote sita bila kukwama popote.

"Hii ya Guntur ameitoa wapi, ile ya kukwama?" nikauliza, polepole, kama mtu asiyejali.

Suyat akafurahi. "Nawe umesikia? Sijui, Mak. Lakini ni tamu! Haipo kwenye kaseti yoyote. Nitamleta Wiyoto aje aisikie."

Wiyoto ni mchuuzi wa ndege. Anapita vijijini na pikipiki yenye matundu saba nyuma, na siku za mashindano yeye ni mwamuzi, anatembea katikati ya matundu na kalamu sikioni. Watu husema Wiyoto akisikia ndege mara moja anaweza kukwambia ametoka mlima gani.

"Usimlete bado," nikasema.

"Kwa nini?"

"Manyoya hayajakomaa."

Akanitazama. Nikajua amejiuliza mama mkwe tangu lini anajali manyoya. Nikachukua kanga yangu nikaondoka.

Nikiwa njiani akili ilifanya kazi. Suyat hakujua, sura yake haikuwa ya mwizi. Basi kama si yeye, ndege wameshikwa na mtu mwingine, wametundikwa karibu na nyumba yangu, na Guntur amewasikia kupitia ukutani. Na aliyejua walipo, ukiniondoa mimi, ni mmoja.

Kang Rejo anakaa kwenye kijumba mlangoni pa makaburi. Nilipita bila kubisha, nikaenda kwanza chemchemini. Nikakaa pale pale tulipokaa na Sentono. Maji yalikuwa yanatoka, kereng'ende wanazunguka, mtini umejaa tini mbivu. Nilingoja mpaka kivuli cha kaburi la kwanza kikanifikia miguuni. Ndege kimya.

Wakati wa kurudi nikapita nyuma ya kijumba cha Kang Rejo, na hapo nikauona mfenesi wake. Umekatwakatwa. Majeraha mapya, manne, na chini ya kila jeraha kifuu cha nazi kimekinga utomvu mweupe.

Utomvu ule naujua, nimeuchemsha miaka kumi na nane.

"Yu Wakiyem!" Alitokea kona ya nyumba, jembe begani, kofia yake nyeusi imepauka mpaka imekuwa rangi ya chai. Mimi namwita Kang, kaka; yeye ananiita Yu, kama dada mkubwa, ingawa amenizidi miaka miwili. Anasema ni heshima, mimi najua ni uchokozi. "Unafanya nini huku nyuma? Unahesabu mafenesi?"

"Nahesabu vifuu, Kang."

"Vinne. Umemaliza?"

"Na ndege ni wawili. Uliwauza pamoja au mmoja mmoja?"

Jembe likashuka begani. Uso wake ukabadilika, na mimi nikaona hatia pale, nikaiona wazi kabisa. Kumbe ilikuwa hasira.

"Rudia."

"Dume na jike wa Sentono. Wako wapi? Chemchemini hawapo. Na wewe unakinga ulimbo."

"Mke wangu anakinga ulimbo wa panya!" Alikwenda akaleta ubao kutoka dirishani, akanisukumia karibu na pua. Ulikuwa na panya watatu wamenasa, mmoja bado anachezesha masharubu. "Hawa nao niliwauza? Niambie bei, Yu, nina wengine darini."

"Panya si jibu."

"Haya, nami niulize. Wiki mbili sasa sijawasikia wakiimba. Wiki mbili silali. Najiuliza nani mwingine anajua. Nani anaishi kwa kulisha ndege wa watu. Nani mkwe wake ana murai wa mashindano barazani." Alinyoosha kidole mpaka karibu na kifua changu. "Nilikuwa nakuja kwako kesho, Wakiyem. Nimeshaandaa na maneno."

"Maneno gani?"

"Mabaya."

Tukasimama pale, wazee wawili na panya watatu. Sikumwamini, naye hakuniamini. Mwishowe akasema twende wote, kila mmoja amwangalie mwenzake. Akatangulia, nami nikafuata. Njia ile ni nyembamba, ina mawe, nami nilikuwa na mawazo mengi kichwani. Tulipofika karibu na kaburi la Sentono, Kang Rejo alisimama ghafla hata nikamgonga mgongoni.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nini?"

"Hicho mdomoni."

"Sina kitu mdomoni."

"Wakiyem, unapiga mluzi."

Nikagusa midomo yangu. Ilikuwa imechongoka.

Sijui nieleze vipi. Mtu anaweza kuwa na tabia miaka na miaka asijue, kama anayekoroma. Wengine ndio wanaosikia. Kang Rejo alinitazama kwa macho makubwa, kisha akaupiga yeye, ule mluzi niliokuwa nikiupiga, ngazi moja, ya pili, ya tatu, ya nne, na kwenye ya tano akameza mate.

"Umeupiga tangu mlangoni kwangu," akasema. "Hata kwenye matanga ya Sentono uliupiga, ukikuna nazi. Mimi nikadhani ni huzuni."

Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi. Nikaliona lile baraza langu: Guntur gizani chini ya kitambaa chake, na mimi hatua mbili kutoka kwake, ungo mapajani, kwa saa nne au tano kila siku, miezi mitatu. Suyat alinunua kaseti na betri. Mwalimu alikuwa mama mkwe wake.

Wakati bado nimekaa hivyo, Kang Rejo alinishika bega akaninyamazisha. Juu ya mtini, upande wa chemchemi, kichwa cha rangi ya majani makavu kilitokeza. Sharubu nyeusi. Mdomoni tini. Akaangalia huku, akaangalia kule, akashuka bila sauti kwenye kichaka cha mianzi, na ndani ya kichaka tukasikia vitoto vikilia kwa pupa.

Ndege mwenye makinda haimbi. Mke wa mtegaji nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Hofu ilikuwa imenila akili.

"Makinda mawili," Kang Rejo akanong'ona, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Labda matatu."

Nilifurahi kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, si zaidi. Maana nilikumbuka: Suyat amesema atamleta Wiyoto.

Nilipofika nyumbani pikipiki yenye matundu saba ilikuwa uani.

Wiyoto alikuwa ameketi kwenye kibao changu, kahawa mkononi, macho ameyafumba. Guntur alikuwa ameshafunuliwa, mkia umening'inia, na anaimba kana kwamba analipwa. Alipofika kwenye ngazi ya tano na kumeza mate, Wiyoto alifumbua jicho moja.

"Tena," akasema, na Guntur akarudia.

"Kaseti za cucak rawa ziko nne Java nzima," Wiyoto akamwambia Suyat kwa upole. "Ninazo zote. Huyu hayumo. Huyu ni ndege hai, mzee kiasi, dume, na yuko mahali ambapo murai wako anaweza kumsikia." Akageuka kutazama migomba yangu, kisha paa la jirani, kisha kule makaburini ambako mtini unaonekana juu ya miti yote. "Nani anaye?"

"Hakuna mtu anaye," Suyat akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona mkwe wangu naye anaanza kushuku, macho yanazunguka kama ya kuku. "Labda... Mak?"

Hapo sikuwa na muda wa kufikiri. Nikachongoa midomo, nikapiga. Ngazi zote sita, na kumeza mate mahali pake. Guntur akanijibu papo hapo, mkia juu.

Rukmi aliangua kicheko tena. "Ni kweli! Mak anapiga hivyo kila siku! Mimi sisikii hata, nimezoea kama saa ya ukutani!"

"Redio ilishindwa na mama mkwe," nikasema. "Chukua kikombe chako cha maji, Suyat, umpe mwalimu halisi."

Suyat na Rukmi wakacheka. Wiyoto alicheka pia, lakini mdomo tu.

"Na wewe, Mbah, nani alikufundisha?" akauliza; Mbah kwetu ni bibi.

"Marehemu."

"Sentono alikuwa anatega. Hakuwa anaimba."

"Ulilala naye wewe?"

Akacheka kwa kweli kidogo. Akamaliza kahawa. Alipowasha pikipiki alisema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Wengi niliowasikia wakiiga ndege, Mbah, wanaiga aina. Wewe unaiga mmoja. Na kumeza mate huko hakujafifia. Kitu cha miaka saba kingeshafifia."

Kuanzia siku hiyo akawa ananunua mayai ya chungu kwangu, yeye ambaye ana mtu wake wa kumletea. Kila siku ya soko alikuja mwenyewe. "Umeamkaje, Mbah? Leo umechokoa upande gani? Mbona kanga yako imelowa chini, ulikuwa chemchemini?" Nikiinama kufunga jani la mgomba nahisi macho yake kwenye visigino vyangu, yanatafuta udongo wa rangi gani.

Nikakata mguu wa kwenda makaburini. Sentono alikosa maua yake ya Alhamisi, anisamehe. Na kuhusu mdomo, nilifikiri sana. Nikiufunga, Wiyoto atasema bibi ameshtuka. Kwa hiyo nikafanya kinyume chake: nikapiga mluzi hadharani. Sokoni, mtoni, nikipanga foleni kwa daktari wa meno, kwenye harusi ya mtoto wa mwenyekiti. Watoto wakanipachika jina, Mbah Cucak. Rukmi aliona haya mpaka akaacha kuongozana nami. Nikamwambia avumilie, uzee una mambo yake. Nilitaka kijiji kizima kisikie sauti ile na kimwone bibi kizee asiye na meno ya mbele, basi.

Ukaja mwezi wa Shaabani. Kabla ya Ramadhani kijiji chote huenda kusafisha makaburi, kila nyumba na chakula chake, wali, kuku, na vitumbua vya mchele vinavyoitwa apem. Wanaume wanafyeka, wanawake wanafagia, halafu tunakaa kwenye mikeka kwa dua. Mtu yeyote mwenye wazee pale anaruhusiwa. Wiyoto hana mzee hata mmoja pale. Alikuja na Suyat, amevaa saruni mpya, akakaa mkeka wa pili karibu na mtini.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake, apem mkononi, na sikuweza kuila. Makinda yalikuwa yamekua. Wenye makinda makubwa huanza kuimba tena.

Dua ilikuwa katikati. Watu mia mbili, mikono imeinuliwa, kimya kabisa, na juu ya vichwa vyetu dume akaanza.

Ngazi ya kwanza. Kichwa cha Wiyoto kikainuka.

Kupiga mluzi makaburini kwetu ni mwiko. Unawaita walio chini. Tangu nizaliwe sijasikia mtu mzima akifanya hivyo mbele za watu. Nikachongoa midomo nikapiga, kwa nguvu zangu zote, juu ya sauti ya ndege, tukaenda pamoja mpaka ya tano, tukameza mate pamoja, tukamaliza pamoja.

"Astaghafirullah! Mbah Cucak!" mtu akasema. Wengine wakaguna, wengine wakazuia vicheko kwa mikono. Rukmi aliinamisha uso mpaka kwenye mkeka. Imamu alifumbua macho, akanitazama kwa masikitiko, akafumba.

Halafu jike akajibu. Kutoka ng'ambo, kwenye mianzi, sauti nyembamba zaidi. Wiyoto akageuka upande huo mwili mzima. Na mimi pumzi ilikuwa imekwisha, na hata ingekuwepo, mtu mmoja hapigi sehemu mbili.

Kwenye mianzi ile ile alikuwa amesimama Kang Rejo na fagio lake. Mlinzi wa makaburi, mtu aliyewahi kumchapa mtoto wa diwani kwa kuruka kaburi. Nilimwona akilamba midomo. Akapiga. Alipiga vibaya mno, kama birika linalovuja, lakini alipiga.

Safari hii hakuna aliyecheka. Imamu alishusha mikono.

"Kang Rejo. Hata wewe?"

"Amenifundisha huyu mwanamke," Kang Rejo akasema, akaninyooshea fagio. "Kama waliolala hapa wamekasirika, waje kwangu, nyumba wanaijua."

Dua ikaendelea, ikaisha, watu wakala. Nilitozwa kuku mmoja kwa kukosa adabu, na Kang Rejo alisimamishwa kukoka moto wa sadaka mwaka mzima. Wiyoto hakula. Nilimwona akiinama chini ya mtini, akaokota tini iliyodondoka, akaigeuza. Ilikuwa na tundu upande mmoja, lililochimbwa kwa mdomo mkali. Akaja nayo mpaka kwenye mkeka wangu akachuchumaa.

"Mbah, umebakiwa na meno mangapi?"

"Manne. Ya nyuma."

"Mm." Akaitia ile tini kwenye mfuko wa shati, akapiga magoti kunipa mkono kwa heshima zote, akaondoka.

Alfajiri iliyofuata nilichukua ungo na kibao nikaenda chemchemini. Kang Rejo alikuwa ameshafika, amekaa na chupa ya chai. Siku ya kwanza Wiyoto hakuja, wala ya pili. Ya tatu saa mbili asubuhi tulisikia pikipiki ikizimwa darajani, kisha miguu. Alitokea na mwanzi mrefu uliofungwa gunia kwenye ncha, na ulimbo naujua kwa harufu hata ukiufunga magunia kumi.

Alituona, akasimama.

"Mnangoja nini hapa?"

"Kufa," Kang Rejo akasema. "Tumeona tusogee karibu, tusisumbue wabebaji."

Wiyoto akaegemea mwanzi wake. Mtu hategi mbele ya mlinzi wa makaburi; angepelekwa kwa mwenyekiti kabla ya adhuhuri, na hakuna kijiji ambacho kingemkaribisha tena na kalamu yake. Alitutazama, akatazama mtini.

"Ninyi ni wazee," akasema mwishowe. "Mimi naweza kungoja."

Tulikaa pale siku kumi na saba. Mayai ya chungu niliyachambulia hapo hapo. Makinda yaliruka siku ya kumi na nne, yalikuwa mawili, vichwa bado vya kijivu, na siku tatu baadaye asubuhi tulifika tukakuta mtini uko kimya, wote wanne wameondoka.

Wiyoto bado hupita. Ananisalimia, ananunua fungu moja, anatazama visigino vyangu. Kang Rejo anasema anajua walikohamia, aliwafuata mpaka ng'ambo ya mto. Nimemwomba anionyeshe mara mbili. Mara zote mbili alinitazama mdomoni kwanza, halafu akaniuliza habari za mafenesi.